Bi Pimbi na Ukuta Uliotembea

Hapo zamani za kale, na msiniulize kale ya lini, maana hata mimi niliikuta inasimuliwa, wanyama walikuwa na nyumba zao, vyungu jikoni, na watoto wanaokataa kuoga kama ninyi. Na mpira wa kikapu walikuwa nao. Mnacheka nini? Nani aliwaambia mpira wa kikapu ni wa watu peke yao?

Basi katika Bonde la Mikwajuni kulikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka wakati wa kiangazi. Moja! Na wanyama wote wana kiu. Ugomvi ulipozidi, bonde zima likakata shauri: kiangazi kikianza, watoto wa wanyama wakubwa wacheze mpira wa kikapu na watoto wa wanyama wadogo. Upande utakaoshinda utatangulia kunywa kila asubuhi mpaka mvua zirudi.

Mnadhani kutangulia ni jambo dogo? Ah, ninyi mna mabomba, hamjui kitu. Nyati na ukoo wake wakitangulia, na Kifaru na wa kwake, wakaingiza ile miguu yao, wakajigaragaza, wakapiga chafya humo humo, kinachobaki si maji. Ni uji wa matope. Na wanyama wadogo walikuwa wanaunywa uji huo kila kiangazi, kwa sababu kila kiangazi walishindwa.

Kocha wa wadogo alikuwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama mdogo wa mawe, mnene kidogo, hana mkia wa maana, lakini mdomo anao! Kiangazi kilichopita bintiye Kijino aliugua tumbo kwa yale matope. Mtoto alikonda akabaki meno na macho. Alipona, ndiyo, lakini Bi Pimbi hakusahau.

"Mwaka huu mwanangu hanywi matope," alisema. "Hanywi! Nimekula yamini."

"Tutashindaje, mama?" Kijino akauliza. "Wale wanatusukuma."

"Najua."

"Wakiwa na mpira wanatupiga vikumbo, na refa anatuhesabia sisi makosa!"

"Najua, mwanangu. Na huko ndiko nitakakoanzia."

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana asiyesikia hapa atanisumbua mbele. Refa alikuwa Mzee Twiga. Hakuwa mla rushwa, hakuwa na upendeleo, tusimsingizie. Lakini alikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bonde zima. Pale Mikwajuni watu walilelewa hivi: ukikutana njiani na mtu amebeba chungu kichwani, umpishe. Ukigongana naye, kosa ni lako, hata kama ni yeye aliyekuvamia. Adabu nzuri kabisa! Ila waliichukua adabu ile wakaitia mzima mzima uwanjani. Upande wenye mpira wakauona ndio uliobeba mzigo. Basi upande wenye mpira haukosei. Ukikanyagwa nao, pole, ungepisha.

Kasoro ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Mzee Twiga aliupenda mpira. Ukienda juu, shingo juu. Ukienda kushoto, shingo kushoto. Mambo yaliyotendeka mbali na mpira hakuyaona hata chembe.

Siku ya mchezo ikafika. Uwanja umejaa mpaka juu ya vichuguu! Upande huu kocha ni Bwana Nyati, kifua mbele, na mwanawe Kishindo ndiye nyota. Pamoja naye yumo Gogo, mtoto wa Kifaru, mpole wa roho lakini mwili kama ghala. Upande ule Kijino, na Digidigi, na Miba, mtoto wa Nungunungu, na wadogo wengine wanaotetemeka.

Priii! Mpira ukaanza.

Du du du du! Kishindo anadunda. Kijino akamsimamia mbele. Kishindo akanyoosha mkono wa pili, akamsukuma kifuani. Puu! Kijino chini. Chwaa! Mpira kikapuni.

"Faulo!" Bi Pimbi akaruka. "Refa! Amemsukuma mwanangu!"

Mzee Twiga akatazama mawinguni. "Nani anapiga mluzi?"

"Ni mimi huku chini!"

"Aa, Bi Pimbi. Hujambo? Mwanao hakupisha, bibi."

Mara Gogo akasimama katikati ya njia kama ukuta, Kishindo apite nyuma yake. Kuweka ukuta si kosa, mradi ukuta usimame. Lakini Digidigi alipojaribu kuuzunguka, ukuta ukatembea! Akaenda kulia, nao kulia. Akaenda kushoto, nao kushoto. Mwisho ukamkalia.

"Toka juu yangu, we!" Digidigi akalia.

"Samahani," akasema Gogo, lakini hakutoka.

Chwaa! Kikapu kingine. Bwana Nyati akacheka mpaka mapembe yakatikisika.

"Bi Pimbi! Mwaka huu nitakuachia matope mazito, yenye afya!"

Wakubwa wote kwa kwa kwa! Bi Pimbi akaumia moyoni, sitawaficha. Alimtazama Kijino akijipangusa vumbi, akakumbuka lile tumbo lilivyokuwa likimkata, na machozi yakamlengalenga. Ila aliyameza. Akaomba mapumziko mafupi, akawakusanya watoto.

"Sikilizeni, wanangu. Sasa tutafanya rafu."

"Mama!"

"Shh! Tutafanya zile zile wanazotufanyia wao. Na tuzifanye hasa, bonde zima lione. Miba, wewe utaanza. Weka ukuta, kisha utembee nao. Tembea kinyumenyume."

Miba akageuza shingo akatazama miba yake. Akaanza kutabasamu polepole.

Mchezo ukaendelea, mpira uko kwa Kijino. Miba akamsimamia Kishindo mbele, amempa mgongo. Kijino akapita. Kishindo akataka kumfuata, naye Miba akarudi nyuma hatua moja. Ya pili. Ya tatu...

"Mamaaaa!"

Lo! Kishindo aliruka juu kuliko alivyowahi kurukia kikapu. Akashuka ameshika tumbo, miba imemkaa kama sindano kwenye pamba.

Bwana Nyati akaingia uwanjani mbio, vumbi timtim. "Faulo! Faulo! Twiga, huoni? Mtoto anauawa!"

Mzee Twiga akainamisha shingo. Sauti ya Nyati bwana, hiyo ilifika! "Kuna nini?"

"Huyu nungunungu amemchoma mwanangu!"

"Upande wao ndio wenye mpira, Bwana Nyati. Aliyebeba mzigo hupishwa."

Bi Pimbi akaitikia kwa upole, mikono kifuani. "Ndivyo tulivyolelewa, mzee. Mtoto angepisha."

"Mzigo gani?" Nyati akanguruma. "Mpira anao Kijino! Huyu nungunungu amebeba nini? Ukuta ni wa kusimama! Ukuta gani unatembea? Nyumbani kwako, Twiga, ukuta unatembea?"

"Hautembei," akakiri Mzee Twiga.

"Basi piga filimbi! Weka sheria! Bonde zima lisikie!"

Twiga akafikiri. Mawazo yalichukua muda kupanda na kushuka ile shingo. Kisha akatangaza, "Kuanzia sasa, anayeweka ukuta asimame. Ukuta ukitembea ukamgonga mtu, ni faulo, hata kama upande wake ndio wenye mpira."

"Haki!" wakubwa wakapiga makofi. "Haki imetendeka!"

"Tumekubali," Bi Pimbi akasema, amejiinamia kama mtu aliyefiwa. Lakini angeinua uso, wote wangemwona anavyojiuma mdomo asicheke.

Haukupita muda Kijino akapata tena mpira. Kishindo, tumbo limebandikwa majani, akamkabili. Kijino akadunda kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauzungushia goti la Kishindo kama anavyokumbatia nguzo ya nyumba, akajizungusha nao, wii! Akatokea upande wa pili, chwaa, kikapuni.

"Amenishika!" Kishindo akapiga kelele. "Baba, amenishika mguu!"

"Faulo!" Nyati akaunguruma.

"Lakini ana mpira," akasema Bi Pimbi. "Mpira kabisa, mkononi. Huu si mzigo, Bwana Nyati?"

"Mzigo uwe mzigo! Aliyebeba chungu anapishwa, sawa. Aliyebeba chungu anashika watu miguu? Anasukuma watu? Mkono mmoja wa chungu, mwingine utulie! Twiga, weka sheria!"

Twiga akaweka sheria. Kikapu cha Kijino kikafutwa, na wakubwa wakaimba. Digidigi naye, alipoona wenzake wamefanya yao, hakusubiri kuambiwa. Aliruka kutupa mpira, akatanua mguu, teke likampata Gogo puani, kisha akajiangusha chini mwenyewe. "Nimekufa! Yalaa, nimekufa!" Nyati alikaribia kupasuka. Sheria nyingine ikawekwa juu ya zile.

Lakini rafu zina gharama yake, jamani. Kila filimbi, mpira ulikwenda kwa wakubwa, na wakubwa wakafunga. Mapumziko ya nusu yalipofika, wadogo walikuwa nyuma sana. Kijino akamjia mama yake, kijasho kinamtoka.

"Mama, tunapotea. Sheria zipo, lakini Gogo ametembea na ukuta mara mbili na refa hakuona. Anatazama mpira tu!"

Bi Pimbi alilijua hilo, na moyo ulikuwa unamdunda kuliko mpira wenyewe. Sheria bila jicho ni kelele tu. Akajikusanya, akaenda mpaka kwenye benchi la Bwana Nyati.

"Hongera, Bwana Nyati. Kweli wewe ni simba wa sheria. Kama si wewe, leo watoto wangu wangewaua wenu."

Nyati akavimba. Kilemba cha ukoka kilimkaa sawasawa kati ya mapembe. "Mimi sipendi uonevu, bibi."

"Ila nashukuru Mungu kwamba Mzee Twiga anatazama mpira tu. Maana huko nyuma, mbali na mpira, vijana wangu bado wana mambo ya..." Akajiziba mdomo. "Ee! Nimesema nini mimi? Mdomo huu! Bwana Nyati, hukusikia kitu."

"Nimesikia!" Nyati akasimama, benchi likaanguka. "Nimesikia sana! Twiga! Twiga, njoo! Hawa wana rafu za siri mbali na mpira! Nataka jicho la pili! Nataka refa anayeona huku na kule!"

"Nani huyo mwenye macho ya huku na kule?" Twiga akauliza.

 Wote wakageukia kichaka cha kando ya uwanja, wakamtazama Kinyonga, fundi cherehani. Yule bwana alikuwa anashona, jicho moja kwenye sindano, jingine linachungulia wapita njia.

"Yeye!" Nyati akaamuru. "Haraka!"

Haraka na Kinyonga wapi na wapi! Walimngoja mpaka watoto wakasinzia. Hatua mbele, ayumbe, hatua nyuma, ayumbe. Mwishowe wakambeba, wakamweka kichwani mwa Twiga, katikati ya pembe, wakampa filimbi yake.

"Jicho moja mpira," Nyati akamwagiza. "Jingine wasio na mpira. Usimhurumie mtu!"

"Sina... tabia... ya huruma," akasema Kinyonga.

Bi Pimbi akarudi kwa watoto wake. Sasa macho yalikuwa yanawaka.

"Haya, wanangu. Kuanzia sasa, adabu! Anayegusa mtu atanijua mimi ni nani. Ninyi kimbieni tu."

Kipindi cha pili kikaanza. Ehee, hapo ndipo utamu! Kishindo akadunda, du du du, akanyoosha mkono wake wa mazoea, akasukuma.

Priii!

"Nini?" Nyati akashangaa.

"Mkono... wa pili," akasema Kinyonga.

Mpira kwa wadogo. Kijino mbio, chwaa! Wakubwa wakashambulia, Gogo akaweka ukuta, Miba akauzunguka, Gogo kwa mazoea akamfuata, akamgonga.

Priii!

"Mwanangu hajafanya kitu!" akapiga kelele Mama Kifaru.

"Ukuta... umetembea."

"Lakini sisi ndio wenye mpira!" Nyati akapayuka.

Mzee Twiga akainama mpaka pua yake ikagusa ya Nyati. "Bwana Nyati, si wewe uliyeniuliza kama ukuta wangu nyumbani unatembea?"

Nyati akarudi kuliinua benchi lake. 

Priii! Priii! Wakubwa walikuwa hawajui kucheza bila kusukuma, jamani! Hawakuwahi kujifunza. Kila wakigeuka, filimbi. Na wadogo, waliokwishazoea kukwepa vikumbo maisha yao yote, walikuwa wanateleza kama sabuni ya kuogea. Chwaa! Chwaa! Mashabiki juu ya vichuguu wanarukaruka, mchwa ndani wanalalamika. Wakakaribia. Wakalingana. Digidigi akatupa mpira mmoja wa mbali, ukagonga ubao, ta! Ukazunguka, ukazunguka... ukaingia!

Wadogo mbele kwa pointi moja!

Na muda ukawa umebaki kidogo sana. Shambulio moja la mwisho, mpira kwa wakubwa. Uwanja wote roho juu. Bi Pimbi hakuweza kukaa wala kusimama, akawa amechuchumaa anang'ata kanga yake.

Kishindo anakuja. Du. Du. Du. Kijino anamfuata bega kwa bega. Gogo akajipanga katikati, ukuta. Kijino akauzunguka vizuri, karibu amfikie Kishindo, na Gogo, ah, Gogo akajisogeza akatoa nyonga. Bumu! Kijino akaruka, akaangukia uso, akabiringika vumbini. Kishindo peke yake chini ya kikapu. Akarusha.

Chwaaa!

"Tumeshindaaa!" Wakubwa wakalipuka. "Bao zuri!" Mzee Twiga akasema, kwa sababu macho yake, kama kawaida, yalikuwa kwenye mpira. Nyati alikwishageuka anaelekea chemchemini, mkia juu.

Bi Pimbi hakutazama kikapu. Alitazama kichwani mwa Twiga.

Kinyonga alikuwa ameinua mkono wenye filimbi. Ameuinua? Alikuwa anauinua! Mkono umefika tumboni. Umesita. Umeyumba mbele, umeyumba nyuma. Umefika kifuani.

"Kinyonga!" Bi Pimbi akalia. "Baba yangu! Fanya hima!"

Shingoni. Kidevuni. Mdomo ukafunguka taratibu...

Priii.

 Nyati akasimama mguu mmoja hewani.

"Jicho la kushoto," akasema Kinyonga, "limeona mpira... ukiingia. Zuri sana. Jicho la kulia... limeona ukuta ukitembea... kabla mpira haujatoka mkononi."

"Uongo!" Nyati akarudi mbio. "Filimbi imechelewa! Mpira umekwisha kuingia!"

"Filimbi... imechelewa. Kosa... liliwahi."

Mzee Twiga akababaika. Akamtazama Gogo. "Mwanangu, hebu niambie. Ulitembea?"

Gogo alitazama miguu yake. Akamtazama Kijino pale chini, damu inamtoka mdomoni. Nimewaambia alikuwa mpole wa roho.

"Kidogo, mzee. Hatua moja."

"Gogo!" Nyati akaunguruma.

"Lakini ni kweli, Bwana Nyati!"

Mzee Twiga akavuta pumzi ndefu, na pumzi ya twiga ni ndefu hasa. "Kikapu kimefutwa. Mpira kwa wadogo. Na muda umekwisha!"

Weee! Vigelegele! Nungunungu walisahau miba yao wakakumbatiana, wakajuta. Bi Pimbi alimkimbilia Kijino, akamwinua, akampangusa uso kwa kanga, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umeumia?"

"Jino limelegea, mama. Tumeshinda?"

"Tumeshinda, mwanangu! Tumeshinda!"

Nyati akaja juu yao, pua inafuka. Mawazo yalikuwa yamempata, ingawa kwa kuchelewa. "Bi Pimbi. Yule nungunungu alimchoma mwanangu makusudi. Na mwanao akamshika mguu makusudi. Na ule mdomo wako kuponyoka pale benchini... Ulinitega!"

"Nilikutega, Bwana Nyati, na nakuomba radhi kwa tumbo la Kishindo. Lakini miaka yote hii nimelia faulo, nani alisikia? Mimi ni mfupi. Sauti yangu haifiki kwenye masikio ya Twiga. Ilinibidi niazime yako."

Nyati akamwita mwanawe. Akaondoka.

Asubuhi wadogo walitangulia chemchemini. Maji yametulia, unaona mpaka mchanga wa chini. Kijino aliinama akanywa, akanywa, akanywa, mpaka mama yake akamwambia basi, utapasuka. Kule nyuma, kwenye foleni, Bwana Nyati alikuwa amesimama na ukoo wake wote, wanangoja zamu, na hakuna aliyesukuma.

Nami hadithi yangu nimeitua hapo. Anayeitaka aibebe, na asisahau funzo lake: ukidai sheria imbane mwenzako, jua kwamba na wewe umo ndani yake.